Ukiingia kwa Humakt, mungu wa upanga kwenye mchezo wa RuneQuest, na kukata undugu, damu uliyokwisha kuimwaga inabaki kwa nani?

#1 Mleta uzi (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje ausome akitulia. Jana usiku niliuandika nikaufuta. Leo nimerudi kwa sababu jambo lenyewe limekataa kunitoka.

Kwa wageni: tuko watu watano hapa Moshi, tunakutana Jumamosi mchana sebuleni kwa dada mmoja kule Rau, tunacheza RuneQuest. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Kila mtu ana karatasi ya mhusika wake, dadu ziko katikati, na mmoja anakuwa msimulizi. Msimulizi ni mimi. Dunia tunayoichezea inaitwa Glorantha. Aliibuni Mmarekani, Greg Stafford. Mchezo wa kwanza wa dunia hiyo ulichapwa 1975, RuneQuest ikafuata 1978, na sisi tunatumia toleo la 2018, mwaka ambao Stafford mwenyewe alifariki.

Mazimwi yamo, uchawi umo. Mimi nilitekwa na ukoo. Watu wa Sartar ni wa milimani, wafugaji na wakulima, wanamwabudu Orlanth mungu wa upepo na radi, na mkewe Ernalda ambaye ardhi ni yake. Kule mtu asiye na ukoo hana shamba, hana wa kumsemea barazani, hana wa kumlipia wala wa kumlipizia. Akiuawa mtu wenu, upande wa pili unaleta dia, yaani fidia ya damu, au unakaa ukisubiri kisasi. Dia inatolewa na ukoo mzima na inapokelewa na ukoo mzima. Muuaji mwenyewe anaweza asitoe hata ndama mmoja, kwa sababu hana, na bado deni likalipwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona babu yangu kule Kibosho amekaa kwenye kigoda, anahesabu nani atatoa nini kwa kosa la mtu ambaye hata hakuwa anamsalimia.

Sasa kisa chetu. Hapa mezani tuna koo mbili, wa juu (ndio wetu) na wa ng'ambo ya mto. Miaka ya nyuma vijana wetu walienda kuswaga ng'ombe usiku, wakamuua kijana wa ng'ambo. Wazee wakakaa, wakakubaliana dia ya ng'ombe 40. Wakapelekwa 22. Kabla ya kumalizia ikaja 1621 kwa kalenda ya kule. Dola la Mwezi, lililoivamia Sartar, likaiteka ngome ya Whitewall, upepo ukakoma, baridi kuu ikashuka, mifugo na watu wakafa kwa njaa. Wale 18 hawakupelekwa, na nani angewapeleka? Zizi lilikuwa tupu.

Mwaka 1625 joka likainuka chini ya hekalu jipya la Dola, Sartar ikawa huru, watu wakaanza kupumua. Na watu wakianza kupumua wanakumbuka madeni. Ng'ambo wakadai. Baraza letu likaomba muda. Wakachoka, wakamuua njiani mtu mmoja wa kwetu aliyekuwa anakwenda sokoni. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa mhusika wa kijana mmoja pale mezani, mpiga upanga. Mpiga upanga hakungoja baraza. Alivuka mto usiku peke yake, akaua watatu.

Mmoja wa wale watatu alikuwa mtoto wa mjomba wake. Mama yake mpiga upanga aliolewa akitokea ng'ambo. Lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi yake tangu siku ya kwanza, ila alikuwa amesahau. Nilipomwambia jina la baba wa marehemu aliinamisha kichwa akakaa kimya muda mrefu.

Kikao kilichofuata akaja na jibu. Anaingia kwa Humakt, mungu wa upanga na mauti. Wafuasi wa Humakt hukata undugu wao, na damu wanayoimwaga haiwi tena ya ukoo. "Nikishakata," akasema, "ng'ambo hawana cha kuwadai watu wetu. Deni linaondoka na mimi."

Nikakubali. Tukaigiza kiapo, kikapendeza. Kisha akachukua kifutio.

Kwenye karatasi za mchezo huu kuna sehemu ya hisia kuu za mhusika, nazo zina namba. Mtu wa Sartar anaanza na Upendo kwa Familia asilimia 60, Utii kwa Ukoo 60, na kadhalika. Ukiwa unapigania kitu unachokipenda unarusha dadu dhidi ya namba hiyo, na ikikubali inakupa nguvu. Akafuta ile ya familia. Akafuta ya ukoo. Akapuliza unga wa kifutio ukaanguka kwenye kitambaa cha meza. Dada mwenye nyumba, ambaye mhusika wake ni dada wa damu wa mpiga upanga, alikuwa ameshika karatasi yake. Kwake Upendo kwa Familia imefika 70. Akaniuliza, "Na mimi nifute?"

Sikuwa na jibu. Ndilo ninalotafuta hapa. Msimamo wangu kwa sasa ni kwamba kukata undugu ni msiba, na tumeucheza kama risiti. Damu ya wale watatu ilimwagwa na mkono uliokuwa bado wetu, kwa hiyo iko shingoni mwetu, kiapo au bila kiapo. Naomba michango yenu.

#2 Mchangiaji wa Sakina, Arusha

Mkuu, nimeusoma wote, na mimi ni msimulizi pia japo sisi tumecheza vikao vichache.

Nakupinga kwenye jambo moja. Hadithi yenyewe inampa haki kijana wako. Humakt ndiye mwenye Mauti, na wa kwanza kufa kwa upanga ule alikuwa Babu wa wanadamu wote. Kisha Eurmal mjanja akauchukua, ukafika mikononi mwa Orlanth, Orlanth akamuua nao Mfalme Jua. Humakt alipoona ndugu zake wamekitumia kitu chake namna ile, alijitenga na jamaa yote ya dhoruba. Alikata. Hakubakiza nusu. Sasa mfuasi wake akikata, kwa nini wewe msimulizi umrudishie kamba uliyoona inakatwa?

Na usisahau analipa. Humakt hafufuliwi. Wengine kwenye mchezo huu wakifa kuna njia, ngumu lakini ipo. Wa Humakt akifa amekwenda. Miiko nayo inamwongezekea kila anapopewa kipawa na mungu wake. Mmoja hanywi pombe tena maishani, mwingine hashiriki kuvizia adui hata kama ndiyo njia pekee ya kupona.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Sakina, asante, ulichosema kuhusu hadithi ni kweli tupu. Lakini jiulize, Humakt alipokata, je, Mfalme Jua alirudi? Hakurudi. Giza likaja, Machafuko, zile nguvu za uharibifu, yakaingia duniani, na wote waliteseka, Humakt mwenyewe akiwemo vitani. Kukata kwake hakukufuta kilichokwisha kufanyika kwa upanga wake. Kulizuia kisifanyike tena kwa jina la jamaa.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Watu wa Sartar mpaka leo wakisimulia wanamtaja Humakt kama ndugu yake Orlanth. Yeye amekata, wao bado wanamwita ndugu. Upande mmoja wa kamba umekatwa na upande mwingine bado umeshikwa na mtu. Ndio maana swali la dada wa Rau limenikaa.

#4 Mchangiaji wa Monduli

Habari za humu. Mimi sichezi, mdogo wangu ndiye anacheza, kanitumia huu uzi kwa sababu ya mambo ya kisasi.

Kwetu Wamaasai mtu akiua mtu, koo zinakaa, malaigwanan (viongozi wa kimila) wanaongoza mazungumzo, na idadi inayotajwa kwa mwanamume ni ng'ombe 49. Ukoo wa muuaji unachanga. Huwezi kumkuta mtu mmoja na ng'ombe 49 wa kutoa halafu abaki na boma. Hiyo ndiyo maana ya ukoo. Ukiwa na hasira unajua mkono wako ukipanda, zizi la baba mdogo litapungua. Inakushika mkono.

Sasa nimejifunza hapa kuwa kuna dhehebu la wapiganaji wanaokata ukoo. Moran wetu pia ana miiko mikubwa. Hanywi maziwa peke yake, lazima awe na mwenzake wa rika. Nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa haili. Anakaa mbali na mambo ya boma kwa miaka. Lakini hakuna siku aliyoambiwa wewe si wa ukoo wako tena. Miiko ile inamfunga kwa wenzake, na wakati ukifika anafanyiwa Eunoto, ananyolewa nywele na mama yake, anaanza safari ya kuwa mzee. Kuna mlango wa kutoka. Kwa huyo Humakt mlango wa kutoka nauona ni kaburi tu.

Ndiyo nikasema niulize: huyo kijana alipokata, nani alimshika mkono? Maana shida ya mtu asiyekuwa na zizi la baba mdogo ni kwamba hana kinachomzuia.

#5 Mleta uzi

Mzee wangu wa Monduli, shikamoo. Umeniandikia jambo ambalo vitabu vyangu havikunipa. Nilikuwa namfikiria mtu wa Humakt kama aliyefungwa zaidi kuliko wengine, kwa sababu ya miiko. Sikuwa nimeona kwamba kizuizi cha zamani kimeondolewa. Kule kinachomshika ni ukweli. Humakt ni mungu wa mauti na ukweli kwa pamoja, na mtu wake akisema neno, neno hilo haliyumbi. Ila ukweli haukupi chakula usiku wa baridi.

#6 Mchangiaji (Kijenge)

Jamani mimi naomba tuongelee mama.

Nacheza mhusika wa Babeester Gor. Kwa wasiomjua, ni mungu wa kike aliyezaliwa katika Giza Kuu kutoka kwenye mwili wa mama yake aliyekuwa amelala usingizi wa kifo. Alitoka na shoka. Watu wake, karibu wote wanawake, wanalinda mahekalu ya ardhi na kulipiza kila anayeinajisi ardhi au kuwadhuru waliochini ya ulinzi wake. Wanaogopwa, na ni haki waogopwe. Ninachotaka kusema ni kwamba huyu ni shujaa ambaye dhehebu lake limezaliwa kwa ajili ya mama. Halijamkimbia.

Sasa mkuu, kisa chako chote tumehesabu ng'ombe, panga, baraza. Yule mama aliyeolewa kutoka ng'ambo amefiwa na mtoto mkubwa, aliyeuawa na watu wa nyumbani kwao. Amefiwa na mtoto wa kaka yake, aliyeuawa na mwanae. Halafu mwanae huyo huyo anakuja kumwambia kuanzia leo mimi si mwanao. Ni misiba mitatu ndani ya mwezi, na hakuna aliyemwekea hata mkeka.

Koo za Sartar haziozani ndani kwa ndani. Kwa hiyo kila nyumba ya adui ina binti yenu, na kila nyumba yenu ina binti ya adui. Hao ndio wanaojua majina ya pande zote mbili. Ukitaka kujua kisasi kinauma wapi, nenda jikoni kwao. Na kama ulitaka amani, yule mama ndiye mlango. Kaka yake ndiye baba wa marehemu! Mjomba wa mpiga upanga! Mjomba kwetu si mtu wa kupita hivi hivi.

#7 Mchangiaji wa Sakina

Dada wa Kijenge, nimekubali. Nilikuwa naangalia mungu, sikuangalia nyumba. Nabaki na msimamo kwamba kiapo kiheshimiwe, asirudishwe kwenye ukoo kwa mlango wa nyuma. Lakini damu ya kabla ya kiapo, nadhani mleta uzi yuko sahihi. Ningekuwa ng'ambo nisingekubali. Kila muuaji angekimbilia hekaluni asubuhi yake na watu wasingelipwa milele.

#8 Mchangiaji mwingine (Old Moshi)

Mkuu, uzi mzuri. Mimi niliijua Glorantha kupitia mchezo wa kompyuta, King of Dragon Pass wa 1999, nilioucheza kwenye simu baadaye. Unaongoza ukoo mzima, mwaka hadi mwaka. Nilichokipata mle ni kwamba uadui wa koo mbili unakula pole pole. Unapoteza wapiganaji wawili leo, ng'ombe kesho, majirani wanaanza kukuangalia kwa wasiwasi, na siku Machafuko yanapokuja kweli unakuta huna wa kumwita.

Nyongeza ya huku kwetu. Historia ya mlima huu inajulikana: Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walihasimiana miaka mingi, watu wakafa, migomba ikafyekwa. Wajerumani walipofika walikuta nyumba ina nyufa. Sina akapigwa 1891. Meli mwana wa Rindi akawashinda 1892, lakini mwisho wake akanyongwa Machi 2, 1900, pale pale Old Moshi. Ukisoma jinsi Dola la Mwezi lilivyoingia Sartar, kabila kwa kabila, utalitambua jambo hilo.

Na nina pendekezo. Sisi Wachaga tuna isale, mmea wa kuombea msamaha. Mtu aliyekukosea sana akija na jani la isale, kulikataa ni jambo zito, wengi hawathubutu. Lakini isale haijibebi. Nani atalibeba kwenda ng'ambo? Mpiga upanga hawezi, si wa ukoo tena. Wazee wenu hawawezi, watauawa mtoni. Ndani ya mchezo kuna mtu ambaye hata kisasi kinampisha, mganga wa Chalana Arroy, aliyeapa kutodhuru kiumbe. Hakuna mwenye akili anayemwinulia mkono. Mnaye mezani?

#9 Mleta uzi

Tunaye! Mchezaji wetu wa tano ni mganga, na kwa vikao vitatu amekuwa akilalamika hana kazi ila kufunga vidonda. Wakuu, nawashukuru. Nitarudi Jumapili.

#10 Mleta uzi

Nimerudi. Mvua ilinyesha mchana kutwa, umeme ukakatika saa kumi, tukamaliza kwa taa ya kuchaji.

Nilianza kwa kuwaambia wote uamuzi wangu kama msimulizi: wale watatu ni deni la ukoo, pamoja na wale ng'ombe 18 wa zamani. Kiapo kinabaki, na kuanzia kiapo kile akiua yeye ni juu ya dhehebu, akiuawa yeye hakuna wa kumlipizia. Mpiga upanga hakubisha. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nimewaachia?" Nikamwambia ndiyo.

Kisha tukaweka matanga. Wazo la dada wa Kijenge. Ukoo ulimwombolezea mtu aliye hai, mama akakaa mkekani, majirani wakaja. Mpiga upanga alikuwepo, amesimama nje ya ua na upanga wake, kwa sababu baraza lilikuwa limemwajiri siku ile kama lingemwajiri mgeni yeyote wa upanga, alinde wageni. Alilinda msiba wake mwenyewe. Hakuna aliyemsemesha kwa jina la ndugu. Yule dada alimpelekea maji ya kunywa, akasema, "Mlinzi, karibu maji." Akayapokea kwa mikono miwili.

Mganga akaenda ng'ambo na mama. Sikutumia isale, kule haipo, mama alibeba tawi la mti uliokuwa nyumbani kwao alikozaliwa, na hilo lilitosha. Mjomba alitoka nje. Nilimwigiza mimi, na nakiri sauti ilinikauka. Aliuliza aliyemuua mwanae yuko wapi. Mama akajibu amekufa. Akauliza, "Nani amemzika?" Mama: "Mimi."

Hapo dada wa Rau akaomba arushe dadu, maana alikuwa ameandamana nao na mzungumzaji alikuwa yeye. Alitumia ile Upendo kwa Familia ya 70 kuongeza nguvu ya maneno yake. Hakuifuta. Nilimwambia tangu mwanzo wa kikao asiifute. Dadu zikatoka 34, chini ya 70, zikakubali. Akaeleza mbele ya mjomba kwamba zizi lao lina ng'ombe tisa wazima na ndama wanne, na wanaondoka nao wote, na waliobaki watalipwa kwa misimu mitatu, na binti mmoja wa nyumba yao atakuja kuolewa ng'ambo akikubali mwenyewe. Mjomba hakusema ndiyo. Alisema, "Walete tuwaone." Kwa watu wale hilo ni neno kubwa.

Ng'ombe waliswagwa alfajiri. Njia inapita alipokuwa amesimama mpiga upanga. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anapisha, anainamisha upanga, anawahesabu wakipita. Akawahesabu kwa sauti pale mezani, mmoja mmoja, mpaka ndama wa nne.

Tulipokuwa tunakusanya vitu nikaiangalia karatasi yake kwenye mwanga wa taa. Alikuwa amefuta kwa nguvu, lakini penseli ilikuwa imekwisha kuchimba, ile 60 bado inasomeka. Ameiacha hivyo.

Jumamosi ijayo hatuchezi, kuna harusi Machame. Tunaendelea inayofuata, na kuna watu tisa wa ng'ambo walioapa kutopokea dia, bado hawajasikika. Mwenye uzoefu wa kusimulia ukoo uliogawanyika juu ya kupokea dia, naomba aniandikie hapa.